Mtungi wa Saba

Oda ilikuja kwa simu, siku ya mvua:
mitungi kumi na miwili ya Kiyunani
kwa hoteli mpya kule Westlands.
"Ifanane na ya makumbusho," alisema Bi Thakkar,
"ila bei isifanane."

Tukaipigilia picha ukutani,
hapa ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga.
Chini yetu mafundi hunyoosha rimu na madigadi,
na kila nyundo ikitua brashi yangu huruka;
nimejifunza kuchora
kati ya nyundo na nyundo.

Kazi yangu ni utepe wa shingoni,
ule unaokata kona, ukakata tena,
kama mtu aliyesahau ufunguo
akarudi, akasahau alichorudia.
Kona sitini kuzunguka mtungi.
Ukikosea ya hamsini na tisa, unafuta zote.

Watu ni wa Ogweno.
Yeye ndiye apikaye weusi wao unaong'aa
(masizi, gundi, na kitu cha tatu asichonitajia),
ndiye awapaye ngao, na farasi wenye miguu ya panzi.
Hajafika huko walikopigana.
Amewaua mara nyingi kuliko adui zao,
nusu ya malipo kwanza, nusu mzigo ukifika.

Kwenye picha mtungi ulikuwa na ufa.
Tukampigia Bi Thakkar: na ufa tuuchore?
"Uchoreni. Ufa ndio umri."
Basi Jumanne nzima, kwa brashi ya unywele mmoja,
nilikaa nikiupasua mtungi mzima,
nami nyumbani nina sufuria iliyotoboka kweli
na hakuna anayenilipa umri wake.

Shujaa wa mtungi wa saba,
Ogweno alinieleza rangi ikikauka,
alichovywa mtoni na mamaye angali mchanga,
chuma kisimwingie popote
ila kisigino, pale aliposhikwa.
Akanyamaza. Akalamba ncha ya brashi.
"Sisi tulikuwa na wetu, kule Kano.
Mwili jiwe. Mikuki ilipinda.
Akaugua, akamwambia mkewe achanje dawa kivulini.
Kivuli kikatoka damu.
Mke akaenda kuwaambia kwao."

"Na huyo, nani humchora?"
Nyundo zikajibu, huko chini.

Kesho yake nilikuta keshamaliza.
Kisigino kipo. Mshale upo.
Na miguuni, palipopasa kuwa patupu,
maana kwenye picha ile hakuna mtu mwenye kivuli,
kivuli: chembamba, rangi ya strungi,
kimelala kuelekea upande wa ziwa.
Ndani yake chale mbili za wembe.

Bi Thakkar alikuja na tepu ya kupimia na dereva.
Akahesabu. Akarudi kwenye wa saba.
"Hiki hakimo kwenye picha."
"Hakimo," akasema Ogweno.
"Basi kifute."
Na Ogweno, aliyewahi kufuta malaika sita
kwa kuwa mwenye kanisa aliwaona wanene,
aliyefuta simba mzima kwa ajili ya mkia,
akatia mikono mfukoni.

Wakabeba kumi na mmoja.
Wakatukata ya mmoja, na ya kuchelewa.
Wiki ile tulikula mandazi bila chai,
na wala hatukuzungumza habari hiyo.

Wa saba umebaki mlangoni.
Wateja hutumbukiza humo miavuli yao iliyolowa
na huuliza kama ni wa kale.
Ogweno huwaonyesha ufa wangu.

Lakini saa kumi, mawingu yakiachia,
jua huingia kwa dirisha lisilo na pazia
na mtungi wenyewe hulaza kivuli chake sakafuni
hadi karibu na meza yangu.
Mimi hukiruka.
Ogweno hujifanya haoni.